Kijikaratasi cha maombi, na siku nilipofuta kumbukumbu za maktaba

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, wasomaji wangu, na baadhi yenu mmeniandikia barua pepe mkiuliza kama nimetupa kalamu. Sijatupa. Nilikuwa nimetingwa na kazi ya kuandika upya programu niliyoitengeneza zamani, na kama mnavyojua, hakuna linalomfedhehesha fundi kama kusoma msimbo wake mwenyewe wa ujanani.

Programu yenyewe ni ndogo tu. Mwaka 2007 maktaba moja hapa Nairobi (jina nalihifadhi, wasije wakanifungia mlango) iliniomba niwatengenezee njia ya kuomba nyaraka kupitia mtandao. Walikuwa na chumba kimoja nyuma walichokiita mkusanyo maalumu: barua za zamani, shajara, picha, ramani, miswada iliyoandikwa kwa mkono. Vitu hivyo haviazimwi. Msomaji anajaza fomu, analetewa boksi, anasoma pale pale akiangaliwa, anarudisha. Fomu ilikuwa kijikaratasi cha rangi ya waridi, na wakubwa walikuwa wamekichoka.

Nikaketi na PHP na MySQL, kama kila mtu siku zile. Nikaiga duka la mtandaoni: tafuta, bofya, tia kapuni, tuma. Kwa siku chache tu kazi ilikuwa imekwisha. Na kwa kuwa nilipenda usafi, boksi likisharudishwa programu ilifuta ule mstari wa ombi kwenye hifadhidata, jedwali libaki jepesi. Nilijipongeza kwa hilo. Nilikunywa hata soda.

Miezi minne baadaye mkutubi wa chumba kile akanipigia simu. Alikuwa mama wa makamo, mpole, asiyependa kompyuta lakini hakuwahi kunisema.

"Kijana wangu, boksi la kumi na nne limerudi na barua sita hazimo. Hebu niambie nani alilifungua kabla ya huyu wa leo."

Nikamwambia, mama, programu inaonyesha yaliyo mezani sasa hivi tu.

"Na ya jana? Na ya wiki jana?"

"Yamefutwa."

"Amefuta nani?"

"Mimi, mama."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema sawa, akakata simu. Mwisho wa zile barua sita nitawaambia huko mbele. Simu ile ndiyo iliyonifanya nianze kusoma historia ya kijikaratasi kile cha waridi, ambacho nilikuwa nimekidharau pasipo kukiuliza kazi yake. Na historia yake ni tamu kuliko nilivyodhani.

Tuanzie London. Antonio Panizzi alikuwa Mwitaliano, mkimbizi wa kisiasa aliyehukumiwa kifo kwao akiwa hayupo. Alifika Uingereza mwaka 1823 bila mali. Mwaka 1837 huyu mgeni akawekwa kuwa mkuu wa vitabu vilivyochapwa katika British Museum, na Waingereza wengi hawakumsamehe kwa hilo. Panizzi alishikilia jambo ambalo sasa tunaliona la kawaida: msomaji akitaka kitabu, kwanza akitafute mwenyewe kwenye orodha, anakili nambari ya rafu yake, aiandike kwenye fomu pamoja na jina la kitabu, tarehe na jina lake. Bila nambari, mtumishi ataranda kwenye rafu mpaka jioni.

Wakubwa walichukia. Msomi mmoja mwenye jina, Sir Nicholas Harris Nicolas, alimshambulia kwa maandishi kuhusu jinsi vitabu vinavyotolewa, na Panizzi akajibu mwaka 1846 kwa kijitabu kizima kuhusu suala la vitabu kutoka maktabani hadi chumba cha kusomea. Mimi nilicheka nilipokutana na habari hii. Ni ule ule ugomvi ninaouona kila siku kazini: mtumiaji anasema mfumo wako ni mbovu, fundi anasema wewe umejaza fomu vibaya. Mwandishi Thomas Carlyle naye alikorofishana na Panizzi, akachoka kukosa nafasi na utulivu pale, akawa mstari wa mbele kuanzisha London Library mwaka 1841, ambako mtu huruhusiwa kwenda na kitabu nyumbani. Basi maktaba nzima, ambayo ipo hadi leo, imezaliwa kwa sehemu kutokana na hasira za mtu mmoja aliyechoshwa na chumba cha kusomea!

Mwaka 1857 ukafunguliwa ule ukumbi wa duara wenye kuba kubwa. Kijikaratasi kikaongezwa nambari ya kiti, ili mtumishi ajue pa kukuletea kitabu. Kulikuwa na kanuni moja ndogo ambayo ndiyo kiini cha makala haya: ukirudisha kitabu, urudishiwe kijikaratasi chako. Usipokidai, kitabu kinaendelea kuhesabiwa kwako. Karl Marx alikaa katika ukumbi ule miaka mingi, na kila kitabu alichopewa kilikuwa deni lake mpaka karatasi irudi mkononi.

Katika maktaba na hifadhi nyingi karatasi hiyo baadaye ikawa ya nakala mbili au tatu, zilizotenganishwa kwa karatasi ya kaboni. Nakala moja inaachwa kwenye rafu, mahali pale pale kitu kilipotolewa, kama mtu anavyoacha kofia yake kwenye kiti cha matatu. Ya pili inasafiri pamoja na boksi. Ya tatu inabaki kwenye meza ya mkutubi. Hebu tuitazame kwa jicho la fundi wa programu. Nakala ya rafuni ni kufuli: mwingine akija kutafuta atajua kitu kimetoka na kiko wapi. Nakala inayosafiri ni anwani. Nakala ya mezani ni kumbukumbu, na hiyo haitupwi siku ile ile. Mimi kijana wa 2007 nilijenga kufuli na anwani, nikatupa kumbukumbu, nikaita hiyo maendeleo.

Kompyuta iliingia katika habari hii mapema kuliko wengi wetu tunavyodhani. Ofisi ya kumbukumbu za serikali ya Uingereza, iliyoundwa kwa sheria ya 1838, ilifungua jengo jipya Kew, kando ya mto Thames, mwaka 1977, na jengo lile lilifunguliwa likiwa na mfumo wa kuomba nyaraka kwa kompyuta. Mwaka 1977, jamani! Ndio mwaka Apple II ilipoingia sokoni. Msomaji alichapa nambari yake na nambari ya faili kwenye mashine, na ombi likaenda ghalani likiwa limeshakaguliwa kama nambari hiyo ipo na kama faili haliko kwa mtu mwingine. Msomaji akapewa kidude cha mfukoni kinacholia faili lake likifika, aweze kwenda kunywa chai bila wasiwasi.

Kwa nini Kew waliweza mapema hivyo? Kwa sababu walikuwa tayari na nambari. Kila kundi la nyaraka lina herufi za idara, nambari ya mfululizo, na nambari ya kipande. CO 533 ni barua za Wizara ya Makoloni kuhusu Kenya. CO 822 ni za Afrika Mashariki kwa jumla. Ongeza nambari ya kipande na umeonyesha kitu kimoja tu ulimwenguni. Mtu yeyote aliyewahi kubuni jedwali la hifadhidata atatabasamu hapa: ufunguo wa msingi walikuwa nao kabla ya kununua kompyuta.

Mikusanyo maalumu mingi haina bahati hiyo. Kitabu cha kawaida kina jina, mwandishi, ukurasa wa kwanza na, tangu miaka ya 1970, ile nambari ya ISBN mgongoni. Lakini barua za marehemu fulani, maboksi arobaini yaliyoletwa na watoto wake kwa pikapu, zina nini? Hakuna mhifadhi mwenye muda wa kuorodhesha barua moja moja. Anaandika maelezo: boksi la kwanza hadi la tatu ni barua za familia, la nne ni risiti, la tano picha bila tarehe. Huo ndio mwongozo wa mkusanyo. Msomaji anatafuta barua, ila anachoweza kuomba ni boksi. Ukilazimisha hali hii ndani ya kapu la dukani, unapata maombi arobaini ya "barua" kwa boksi moja lile lile, na mkutubi anapanda ngazi mara arobaini. Nalijua hilo kwa sababu nilimpandisha mama wa watu.

Wamarekani walilishughulikia tatizo hili kwa hatua. Mwaka 1993 Daniel Pitti na wenzake pale chuo kikuu cha California, Berkeley, walianza kutengeneza namna ya kuandika miongozo ya mikusanyo ili mashine iweze kuisoma. Matokeo yake yaliitwa EAD, na toleo la kwanza lilitoka mwaka 1998. Kwa EAD, mwongozo uliokuwa karatasi zilizopigwa chapa ukawa mti: mkusanyo, ndani yake mfululizo, ndani yake boksi, ndani yake folda. Kila tawi linaweza kubandikwa kiungo, na hapo sasa kitufe cha kuomba kinajua kinaomba boksi gani.

Upande wa pili kulikuwa na watu wa kuazimana vitabu baina ya maktaba. Katika chuo kikuu cha Virginia Tech, miaka ya 1990, ilitengenezwa programu iliyoitwa ILLiad ya kufuatilia maombi hayo, na kampuni iliyoisambaza, Atlas Systems, ikaja kutoa nyingine mahususi kwa mikusanyo maalumu, iitwayo Aeon, mwishoni mwa muongo wa 2000. Yale wanaitumia, Harvard wanaitumia, na wengine wengi. Ukiwa Eldoret usiku wa manane unaweza kujiandikisha, ukaomba boksi lililoko Connecticut na kuchagua tarehe utakayofika. Boksi litakungoja. Nauli ni shauri lako.

Nilipoitazama Aeon kwa mara ya kwanza nilishangaa jinsi ilivyo na hatua nyingi. Ombi limepokelewa, linakaguliwa, limekubaliwa, boksi linatafutwa, limetoka rafuni, liko kwenye rafu ya kungojea, liko mezani kwa msomaji, limerudi kaunta, limerudi rafuni. Kila hatua ina saa na jina la mtumishi. Nilidhani ni ukiritimba. Kisha nikasoma habari za Smiley.

Edward Forbes Smiley alikuwa mfanyabiashara wa ramani za kale, mtu wa heshima, anayefahamika na wakutubi kwa jina. Tarehe 8 Juni 2005 mtumishi mmoja wa maktaba ya Beinecke, pale Yale, aliona wembe sakafuni katika chumba cha kusomea. Katika chumba cha vitabu vya kale wembe ni kama kiberiti kwenye kituo cha petroli. Wakamfuatilia Smiley, akakamatwa siku ile ile akiwa na ramani zisizokuwa zake. Mwaka 2006 alikiri kuiba ramani 97 kutoka maktaba mbalimbali, zikiwemo za Yale, Harvard, New York, Boston, Chicago na London, akafungwa miaka mitatu na nusu.

Sasa fikiria wewe ni mkutubi wa mojawapo ya maktaba hizo, umesikia habari ile redioni. Swali lako la kwanza ni moja tu: alipokuja kwetu, aliguswa... samahani, aligusa vitabu gani? Jibu lilikuwa kwenye vijikaratasi. Wakutubi walirudi kwenye maombi yake ya zamani, wakafungua kitabu kimoja baada ya kingine kuhesabu ramani. Pale ambapo kumbukumbu zilihifadhiwa vizuri kulikuwa na pa kuanzia. Maktaba iliyofuta kila ombi boksi likirudi, kama mimi nilivyofuta, ingebaki kufungua vitabu vyote vya ghala.

Lakini subiri kidogo kabla hujanihukumu, kwa sababu ule usafi wangu sikuuokota barabarani. Nilikuwa nimejifunza kutoka maktaba za kuazima. Huko kuna desturi tofauti kabisa: kitabu kikirudi, uhusiano kati yake na msomaji ukatwe. Marekani, baada ya sheria ya Patriot ya 2001 kuipa serikali nguvu ya kudai rekodi za watu, zikiwemo za maktaba, wakutubi wengi walianza kufuta kwa makusudi, ili siku afisa akija na hati pasiwe na cha kumpa. Hata Koha, ile programu huria ya maktaba iliyozaliwa New Zealand na kuanza kazi mwaka 2000, na ambayo inatumika katika vyuo vingi hapa kwetu, ina uwezo wa kuondoa jina la msomaji kwenye historia ya mikopo. Nani anasoma nini ni siri yake. Kwa nchi ambayo watu waliwahi kufungwa kwa sababu ya karatasi walizokutwa nazo, hilo halihitaji mhadhara.

Kwa hiyo kuna maadili mawili, yote mazuri, na yanagongana juu ya mstari mmoja wa hifadhidata. Kitabu cha riwaya kikipotea kinanunuliwa kingine. Barua ya mwaka 1904 ikipotea imekwenda. Mimi nimeamua upande wa kuhifadhi kwa nyaraka za pekee, ila kwa masharti: jina litenganishwe na ombi, likae mahali pengine penye ufunguo wake, lisionekane na kila mwenye neno la siri la kaunta. Sheria yetu ya Kulinda Data ya 2019 nayo inadai useme kwa nini unahifadhi habari za mtu, na usizikalie kupita haja. "Kwa sababu naweza" si jibu mbele ya kamishna.

Hadi hapa nimesema kana kwamba kila kitu kimo kwenye orodha. Hapo ndipo historia yetu wenyewe inapoingia.

Wakoloni walipokuwa wakifunga virago, waliyachoma mafaili mengi ya siri na mengine wakayasafirisha Uingereza. Kenya ikapata uhuru Desemba 1963, na mwaka 1965 Bunge likapitisha sheria ya kuanzisha Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, ile iliyo katika jumba lililokuwa la Benki ya India kwenye Moi Avenue. (Ndiyo, pale pale mnapopanga kukutana mkisema "tukutane Archives" na hamjawahi kuingia ndani.) Mwaka 1967 serikali ya Kenya iliandika kuomba mafaili yale yarudishwe. Uingereza ikakataa.

Tazama ombi hilo kama ombi. Aliyeomba ni serikali nzima, si mwanafunzi mwenye kitambulisho kilichochakaa. Lakini hakuwa na nambari ya rafu, kwa sababu mafaili hayakuwa kwenye orodha yoyote iliyo wazi. Yalikaa mikononi mwa serikali ya Uingereza miongo kadhaa, mwishowe kwenye ghala la Hanslope Park, huko Buckinghamshire. Msomaji aliyeketi Kew mwaka 1990, na kile kidude chake mfukoni, angeweza kuomba faili lolote lililo kwenye orodha na kuletewa kabla chai haijapoa. Haya asingeweza kuyaomba, hata kama alijua yamo.

Mwaka 2009 wazee wetu walionusurika kwenye kambi za wakati wa Dharura waliishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso waliyopata. Wanahistoria waliosaidia kesi hiyo, akiwemo David Anderson, walikuwa wameona kwenye barua za zamani dalili kwamba kuna mafaili yaliyoondolewa Nairobi. Miongoni mwa dalili hizo ni maandishi yaliyohusu lile ombi la 1967. Ombi lilikataliwa, lakini karatasi yake ilibaki kwenye faili, na miaka zaidi ya arobaini baadaye ikasaidia kuonyesha kwamba kitu fulani kipo. Mwanzoni mwa 2011 serikali ya Uingereza ikakiri: karibu mafaili 1,500 ya Kenya, katika maboksi yapatayo 300, na mengine maelfu ya makoloni mengine. Juni 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, ikasema inajutia mateso yaliyofanyika.

Mafaili hayo yalianza kuhamishiwa Kew mwaka 2012, yakapewa herufi na nambari: FCO 141. Nilipoyaona kwenye orodha ya mtandaoni nilikaa nikitazama skrini kwa muda. Maelezo ya faili, tarehe zake, kitufe cha kuomba. Baada ya miaka yote hiyo, kitufe! Basi nikabofya, kama fundi yeyote. Ili kuletewa faili asilia sharti uwe na kadi ya msomaji, na kadi hukamilishwa ukiwa pale pale Kew na vitambulisho vyako. Au ulipe wakunakilie kurasa. Kwa Mkenya, kitufe kile kina viza na tikiti ya ndege ndani yake. Sisemi mfumo ni mbaya. Umejengwa vizuri sana kwa mtu anayeweza kupanda treni hadi kituo cha Kew Gardens.

Na mifumo mizuri huanguka pia. Oktoba 2023 wahalifu waliingia katika mitambo ya British Library, mrithi wa ile maktaba ya Panizzi, wakanakili data zipatazo gigabaiti 600, wakafunga au kuharibu seva nyingi na kudai fidia. Maktaba ilikataa kulipa. Orodha yao ya mtandaoni ilitoweka. Pamoja nayo ikatoweka njia ya kuomba, kwa kuwa moja bila nyingine haifanyi kazi. Mamilioni ya vitabu vilivyoko kwenye ghala lao la kaskazini, Boston Spa, havikuweza kuletwa kwa miezi kadhaa. Havikuwa vimeibwa wala kuungua. Vilikuwa rafuni vimetulia.

Wasomaji walirudi kwenye fomu za karatasi. Tarehe 15 Januari 2024 orodha ikarudi, ya kutazama tu. Ulitafuta, ukanakili nambari ya rafu kwa kalamu, ukampelekea mkutubi. Yaani kanuni za Panizzi, neno kwa neno, katika mwaka wa akili bandia. Ninachowasifu ni kwamba Machi 2024 maktaba ilitoa ripoti ndefu ya wazi kuhusu yaliyotokea, ikiwemo mlango wa mbali wa seva uliokosa uthibitisho wa hatua mbili. Mashirika mengi yangeficha. Kama wewe ni fundi wa mitambo mahali popote, isome ripoti ile wikendi hii.

Nilipoisoma mimi, nilienda kwenye ile maktaba yetu ndogo nikawauliza: umeme ukikatika mnafanyaje? Wakacheka. Umeme hukatika mara ngapi kwa wiki! Wanaandika kwenye daftari.

Hapo narudi kwenye barua sita. Siku ile ya 2007 baada ya kunikatia simu, mama yule alifungua droo yake akatoa daftari la mazoezi, lile la jalada la buluu la mwanafunzi wa shule. Tangu siku nilipoweka programu yangu hakuwa ameacha kuandika hata ombi moja. Hakuniambia kwa sababu hakutaka kunivunja moyo. Alipitisha kidole kwenye ukurasa wa wiki iliyotangulia, akaona kwamba Jumanne asubuhi msomaji mmoja alipewa boksi la 14 na boksi la 9 kwa pamoja, kwenye meza ya pili. Akafungua la 9. Barua sita zilikuwa humo, zimefungwa kwa utepe wao, zimewekwa kwa bahati mbaya boksi lisilo lao. Tangu siku hiyo msomaji hupewa boksi moja tu mezani, na programu yangu ilikuwa ikiruhusu hata kumi.

Kwa hiyo hiki ndicho nilichokuwa nikifanya wiki hizi zote. Hakuna mstari unaofutwa tena. Kila hatua inaongezwa mstari mpya wenye saa yake. Ombi lililokataliwa linahifadhiwa pamoja na sababu yake, na hili nimelisisitiza mpaka wakanichoka. Jina linatenganishwa baada ya muda ambao maktaba imeuandika na kuubandika mlangoni. Boksi moja mezani. Na kila ombi linachapishwa kwenye karatasi, nakala mbili, moja ya rafuni. Nilijaribu kupata karatasi ya waridi, duka lilikuwa na ya manjano.

Mama amestaafu sasa, yuko kwao Murang'a. Aliacha madaftari kumi na moja, na nimepewa kazi ya kuyaingiza kwenye hifadhidata kwa mkono. Niko la tatu. Katika la kwanza nimekuta siku nilipokwenda kuonyesha programu yangu: "Kijana wa kompyuta, boksi 9, kujaribu mashine, saa nne na robo." Safu ya kurudisha haina kitu. Nimempigia simu kumuuliza. Anasema nililiacha mezani nikaenda kunywa soda, akalirudisha yeye, lakini hakuwa na haki ya kutia sahihi yangu.

Kama kuna msomaji aliyewahi kuhamisha madaftari ya namna hii kwenye mfumo wa kompyuta, hasa yenye tarehe zilizoandikwa kwa saa za Kiswahili, niandikie. Nina maswali mengi.